Tiketi ya barabarani kaunti ya shambani Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Simu ninazopigiwa na madereva wenzangu huanza karibu vilevile: "Kaka, nimeandikiwa tiketi huko njiani, sijui hata panaitwaje, nilipe wapi?" Wanaopiga ni Watanzania, Wakenya, Wakongomani, wengi wao madereva wa malori wanaokata Texas kwa I-10, I-20 au barabara ya 287. Ninawajibu swali lao kwa swali: umeshalipa? Akisema bado, ninashusha pumzi. Akisema ameshalipa ili "yaishe", basi mara nyingi ndipo yameanza.

Mimi si wakili. Ninaendesha lori, na nimejifunza haya kwa kulipia makosa yangu. Kesi ya ajali, pombe au kuumiza mtu siyo ya kusomea hapa, tafuta wakili.

Nitajuaje kesi yangu iko mahakama gani?

Soma tiketi yenyewe, sehemu ya chini au nyuma. Texas ina kaunti 254, na hakuna dirisha moja la kutafutia tiketi za kaunti zote. Kila mahakama ina daftari lake.

Angalia kwanza ni nani aliyekusimamisha. Polisi wa mji hupeleka tiketi kwenye mahakama ya mji, na hapo utaona maneno "Municipal Court". Askari wa jimbo, yaani DPS, au sherifu au konstebo wa kaunti, hupeleka kwa hakimu wa kaunti anayeitwa Justice of the Peace. Wenyewe humwita JP, na kwenye tiketi utaona "JP Pct. 1", "JP Pct. 3" na kadhalika. Pct. ni kifupi cha "precinct", yaani eneo, na namba yake usiidharau. Kaunti moja inaweza kuwa na mahakimu kadhaa, kila mmoja na eneo lake, ofisi yake, karani wake, na wakati mwingine mji wake.

Mimi mwenyewe niliwahi kutuma "money order" kwa hakimu wa eneo la 1 kwa sababu ndiye aliyekuwa kwenye makao makuu ya kaunti. Kesi yangu ilikuwa kwa wa eneo la 2, mji mwingine kabisa. Bahasha ilirudi nyumbani baada ya wiki tatu ikiwa na kikaratasi cha njano kilichoandikwa kwa mkono: si kwetu. Tarehe ya kujibu ilikuwa imeshapita.

Nimepoteza tiketi. Sikumbuki hata kaunti.

Kama unaendesha lori, kumbukumbu unayo na hujui. Kile kifaa cha saa za kazi, ELD, huandika mahali ulipo kila saa gari linapotembea na kila unapobadilisha hali ya kazi. Fungua siku ile, tafuta pale gari liliposimama bila sababu, utapata mji wa karibu. Ikiwa siku nane zimepita na haionekani tena kwenye kifaa, ombeni ofisi ya kampuni: wanatakiwa kuzitunza kumbukumbu hizo miezi 6. Kwa gari dogo, tumia risiti ya mafuta au historia ya ramani kwenye simu.

Ukishajua mji, tafuta ni wa kaunti gani, halafu tafuta tovuti ya kaunti. Nyingi za shambani zina anwani yenye umbo la co.jina-la-kaunti.tx.us, na nyingine huishia na .gov. Huko utapata ukurasa wa mahakimu wenye namba za simu. Usibonyeze tu kilichotokea juu kwenye Google. Kuna kurasa zinazojiita za "rekodi za tiketi" ambazo hukutoza dola ishirini au thelathini, kisha zinakupa namba ya simu ileile ambayo ungeiona bure.

Halafu piga simu. Kwenye kaunti hizi simu inashinda tovuti. Uwe na jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni na tarehe uliyosimamishwa.

Nimepiga simu siku nne hakuna anayepokea. Wamefunga?

Huenda hawajafunga. Jua unampigia nani. Kaunti ya Loving, kule magharibi, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020. Kaunti yenye watu chini ya 18,000 inaruhusiwa kuwa na hakimu mmoja tu. Hakimu huyo halazimiki kuwa mwanasheria, na tiketi ni sehemu ndogo ya kazi yake. Anafungisha ndoa, anasikiliza kesi za kodi ya nyumba, anasoma mashtaka ya waliolala mahabusu, na kwa kuwa kaunti ndogo hazina daktari wa serikali wa kuchunguza vifo, yeye ndiye anayeitwa mtu akikutwa amekufa ranchi au barabarani. Karani naye ni mmoja, na saa sita mchana anakwenda kula.

Piga saa mbili na nusu asubuhi, kwa saa za huko. Dereva wa El Paso akumbuke kwamba sehemu kubwa ya Texas iko saa moja mbele yake. Usipopata mtu, tuma barua.

Karani anasema jina langu halimo. Nimepona?

Hujapona. Inawezekana askari hajawasilisha tiketi bado, basi piga tena wiki ijayo. Lakini kwa watu wetu sababu kubwa ni majina. Mtu anaitwa, tuseme, Hamisi Juma Bakari. Leseni inasoma BAKARI, HAMISI JUMA. Askari kaandika Juma kama ukoo. Mkongomani mwenye majina manne hali ndiyo mbaya zaidi. Mwombe karani atafute kwa namba ya tiketi au ya leseni, na akishindwa, ajaribu kila jina lako kama la ukoo.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mtego. Wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kwenye karatasi za kambini, kwa hiyo ndugu wawili wenye ukoo mmoja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Nimeona mtu akitaka kulipia tiketi ya mdogo wake. Thibitisha namba ya leseni kabla ya kukubali kwamba kesi ni yako.

Nilitia saini pale barabarani. Je, nimeshakubali kosa?

Hapana. Saini ile ni ahadi kwamba utajibu mahakamani. Ukikataa kuiweka, askari anaweza kukupeleka mahabusu. Tia saini, chukua nakala yako, ondoka. Ubishi una mahali pake, na si kando ya haiwei.

Tarehe iliyoandikwa ni ya kwenda mwenyewe? Niko Ohio.

Ni tarehe ya mwisho ya kujibu. Mara nyingi unaweza kujibu kwa posta, na baadhi ya mahakimu wanakubali barua pepe au kikao cha video, muulize karani. Majibu ni matatu: nakiri, sipingi, nakana. "Sipingi" inaleta hukumu sawa na kukiri, tofauti ni kwamba haitumiki kirahisi dhidi yako mtu akikudai fidia.

Ukikana, unapangiwa tarehe ya kesi, na una haki ya baraza la wazee sita wa mahakama, hata kwa tiketi ya mwendo. Kabla ya siku hiyo kwa kawaida kuna mazungumzo na mwendesha mashtaka wa kaunti, na mengi huishia hapo.

Barua itume kwa rejista, ile yenye kadi ya kijani inayokurudia ikiwa na saini ya aliyepokea. Weka nakala ya kila kitu kabla hujafunga bahasha.

Kwa nini unasema nisilipe haraka? Si dola mia mbili na kitu tu?

Kwa sababu Texas ukilipa faini, sheria inahesabu kwamba hukupinga na umetiwa hatiani. Fedha zimekwenda, na hukumu imeingia kwenye rekodi ya leseni yako. Ukisharuka hapo, njia za kuizuia hukumu zinakuwa zimefungwa au ni ngumu.

Kwa mwenye leseni ya kawaida njia hizo ziko mbili. Ya kwanza ni kozi ya udereva salama, ya saa 6, ambayo unaweza kuifanya kwenye simu. Unaomba kabla au siku ya tarehe ya kujibu, unalipa gharama za mahakama, unapewa siku 90 kuleta cheti pamoja na rekodi yako ya udereva kutoka DPS, ile iliyothibitishwa inayoitwa 3A. Ukitimiza, kesi inafutwa. Lakini hupati kama ulizidisha mwendo maili 25 kwa saa au zaidi, kama ulikuwa unakimbia maili 95 au zaidi, kama ilikuwa sehemu ya ujenzi yenye wafanyakazi, au kama uliitumia kozi hiyo katika miezi 12 iliyopita. Mwenye leseni ya jimbo jingine, haki hiyo moja kwa moja hana; inabaki hiari ya hakimu.

Njia ya pili, hakimu anaahirisha hukumu hadi siku 180, anakupa masharti. Usipoandikiwa tiketi nyingine na ukalipa ulichoambiwa, kesi inafutwa. Hii inabidi uiombe, na kwa heshima. Karani ndiye atakayempelekea hakimu barua yako, kwa hiyo usimpigie kelele karani.

Nina CDL, leseni ya kuendesha malori. Nilikuwa kwenye gari langu dogo naenda kanisani. Kozi sipati?

Hupati. Hili ndilo linalowauma watu kuliko yote. Sheria ya shirikisho inakataza mahakama kuficha hukumu ya barabarani ya mwenye CDL, awe kwenye lori au kwenye Corolla. Kozi haipo, kuahirisha hukumu hakupo. Zilizoachwa nje ya katazo hilo ni tiketi za kuegesha, za uzito na za ubovu wa gari.

Kwa hiyo mwenye CDL ana njia mbili za maana: kupinga kesi, au kuzungumza na mwendesha mashtaka kuhusu shitaka lenyewe kama ushahidi ni dhaifu. Hapa ndipo ninaposema wazi kwamba dola mia kadhaa za wakili wa eneo lile zinalipa. Wakili wa mji mdogo anamjua hakimu, anamjua askari, na anaweza kukusimamia bila wewe kuendesha maili 600.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi, kubadilisha njia vibaya, kumfuata mtu karibu mno, kushika simu ukiwa kwenye lori: haya yanaitwa makosa makubwa. Mawili ndani ya miaka 3, unasimamishwa kuendesha lori siku 60. Matatu, siku 120. Askari akikuandikia maili 14 juu ya kiwango badala ya 16, amekupa zawadi. Angalia namba kabla ya kulalamika.

Na ukishatiwa hatiani una siku 30 kumjulisha mwajiri kwa maandishi, hata kama kosa lilikuwa kwenye gari lako. Kuegesha tu ndiko hakumo.

Tiketi ya Texas itanifuata hadi jimbo langu?

Itakufuata. Majimbo mengi yamo kwenye mkataba wa kupashana hukumu za barabarani, na kwa CDL ni lazima: jimbo lililokuhukumu linatakiwa kuliarifu jimbo lililotoa leseni ndani ya siku 10. Madhara yake yanategemea sheria za kwenu. Texas yenyewe haina pointi tena, na zile ada za ziada za kila mwaka zilizowafilisi watu zilifutwa Septemba 1, 2019. Kilichobaki ni hiki: hukumu nne za makosa ya uendeshaji ndani ya miezi 12, au saba ndani ya 24, leseni inaweza kusimamishwa. Halafu kuna bima, ambayo haihitaji pointi kupandisha bei.

Tarehe imepita. Nimesikia kuna hati ya kunikamata.

Inawezekana ipo. Kutofika ni kosa la pili, linaongezwa juu ya la kwanza, na hati ya namna hiyo haichakai. Pia mahakama inaweza kupeleka jina lako kwenye mpango wa wasiofika, na leseni ya Texas haitahuishwa mpaka umalize. Kuna tovuti ya kutazama hilo, texasfailuretoappear.com, unaweka namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa, inakuonyesha mahakama na namba yake ya simu. Ada ya kuondolewa ni dola 10 kwa kila kosa, juu ya deni lenyewe. Usajili wa gari nao unaweza kuzuiwa.

Piga simu wewe, au wakili apige, kabla hujasimamishwa tena usiku na watoto wamo garini. Uliza kama hati ipo na nini kinahitajika kuiondoa. Mahakimu wengi wanamtazama tofauti mtu aliyejileta.

Sina hela ya kulipa.

Sema hivyo, kwa maandishi, usinyamaze. Hakimu anatakiwa kuuliza uwezo wako, na anaweza kukugawia malipo kidogokidogo, kukupa kazi za jamii, au kupunguza na hata kusamehe. Peleka hati ya mshahara, barua ya msaada wa chakula, au ushahidi wowote wa hali yako. Anayefungwa kwa kawaida ni yule aliyetoweka.

Tiketi ya bima, leseni iliyokwisha muda, usajili uliokwisha.

Hizi ni nyepesi. Kama bima ilikuwa hai siku ile ila karatasi hukuwa nayo, peleka uthibitisho, kesi inafutwa. Leseni au usajili uliokwisha, hakikisha umeuhuisha ndani ya siku 20 za kazi au kabla ya tarehe ya kwanza ya mahakama, peleka risiti. Hakimu anaweza kufuta kwa ada isiyozidi dola 20. Kukata bima leo na kuionyesha kwa tiketi ya jana hakufui dafu. Karani anapiga simu kwa kampuni ya bima.

Kiingereza changu hakitoshi mahakamani. Nampeleka mwanangu anitafsirie?

Usimpeleke. Omba mkalimani kwa maandishi, mapema, na useme lugha gani hasa. Ukiandika "Kiswahili" tu na wewe ni wa Bukavu au Uvira, utapata mtu wa Nairobi au Dar kwenye simu na mtaelewana nusu. Andika Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, chochote kinachokutoka bila kufikiri. Katika kaunti ndogo mkalimani huwa kwenye spika ya simu iliyowekwa mezani, basi sema polepole na subiri.

Haki hii ni ya mahakamani. Barabarani ni habari nyingine: tangu Juni 25, 2025 dereva wa lori anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza anaweza kusimamishwa palepale.

Nimekuwa mshindi, kesi imefutwa. Mbona kampuni mpya bado inaiona?

Kwa sababu rekodi haziko sehemu moja. Kuna ya mahakama, kuna ya leseni katika jimbo lako, na kwa madereva wa malori kuna ripoti ya ukaguzi ya shirikisho, ile waajiri wanaitazama kwenye PSP, yenye ajali za miaka 5 na kaguzi za miaka 3. Hakimu akifuta tiketi, ripoti ya ukaguzi haijirekebishi yenyewe. Unaingia kwenye mfumo unaoitwa DataQs, unaambatisha karatasi ya mahakama, unaomba irekebishwe. Ni bure.

Karatasi hiyo omba kwa karani kwa jina la "certified disposition", yenye muhuri. Iangalie kabla ya kuondoka: jina, namba ya tiketi, neno "dismissed", tarehe.

Naomba uraia. Tiketi niitaje?

Swali likiulizwa, jibu kweli, hata kama ilifutwa. Maelekezo ya fomu N-400 yamekuwa yakisema kwamba tiketi isiyohusu pombe wala dawa za kulevya, isiyokuwa na kukamatwa, na iliyoishia kwa faini chini ya dola 500, huhitaji kuiambatishia nyaraka. Soma maelekezo ya toleo unalojaza. Mimi ningebeba karatasi ya mahakama siku ya usaili hata hivyo. Hati ya kukamatwa iliyo wazi ndiyo ya kuogopa. Imalize kwanza, na uongee na wakili wa uhamiaji.

Nimepata ujumbe wa simu kwamba nina tiketi, nilipe leo leseni isifungwe.

Futa. Ujumbe wa namna hii ulienea sana 2025, ukijifanya umetoka idara ya magari ya jimbo. Kwa Texas hata hadithi yenyewe haisimami, maana tiketi hulipwa mahakamani. Ukiwa na wasiwasi, piga kwa karani kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Nimehukumiwa na sijaridhika.

Una siku 10 za kukata rufaa kwenda mahakama ya kaunti, na unaweka dhamana, kwa kawaida mara mbili ya faini na gharama. Kesi inaanza upya kabisa, kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Siku 10 zinakwisha haraka kwa mtu aliye barabarani, na barua ukiituma ya kumi na mbili hakuna wa kukuonea huruma.

Risiti na karatasi nizitunze hadi lini?

Zitunze tu. Kaunti hubadilisha programu, makarani hustaafu, na mwaka wa sita unaambiwa unadaiwa. Zangu ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya kiti cha abiria, pamoja na kile kikaratasi cha njano, na picha zake ziko kwenye simu ya mke wangu.